Nilizinduka mara 84, nikakumbuka mbili

Asubuhi ile, gundi ya elektrodi (vidude vya kunasa ishara za umeme za mwili) ikiwa bado imeganda kwenye nywele zangu, nilimwambia mtaalamu wa maabara ya usingizi kwamba nimelala vizuri. Niliamka mara mbili tu: mara moja kwenda msalani, na nyingine sijui kwa nini. Akanigeuzia skrini. Hesabu ilisema nimezinduka mara 84.

Nilikuwa nimejitolea kama mtu mzima asiye na shida ya usingizi, ili vipimo vyangu vilinganishwe na vya wagonjwa. Nilipoiona namba ile nikaingiwa na hofu: kumbe mgonjwa ni mimi?

Akavuta kiti, akanionyesha. Mawimbi ya ubongo yanakwenda taratibu, makubwa, kisha ghafla yanasongamana na kuwa ya haraka. Sekunde 4 au 5, halafu yanatulia tena. Ili mzinduko uhesabiwe, hali hiyo lazima idumu angalau sekunde 3, na kabla yake mtu awe amelala mfululizo kwa sekunde 10 au zaidi. Katika usingizi wa ndoto hilo pekee halitoshi, kwa sababu humo ubongo una mawimbi ya haraka hata mtu akiwa amelala fofofo; ni lazima misuli ya kidevu nayo ikaze walau sekunde 1. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini walinibandika elektrodi kidevuni.

Kilichonigusa zaidi ni mstari wa moyo. Karibu kila nilipozinduka, mapigo yalikwenda mbio kidogo, kisha yakashuka. Moyo wangu ulikuwa umeshtuka na kutulia usiku kucha, nami sina habari!

Niligawanya mwenyewe: mara 84 kwa saa 7 ni mara 12 kwa saa. Kwa mtu mzima mwenye afya hiyo ni kawaida, na umri ukisonga huongezeka. Nyingine huletwa na sauti au mguu uliocheza, nyingi hazina sababu inayoonekana. Hatuzikumbuki kwa kuwa ni fupi mno. Kwa kawaida mtu hukumbuka kuamka akikaa macho kwa dakika kadhaa. (Anayekoroma sana, pumzi ikimkatika, na mchana akasinzia hovyo, huyo akapimwe. Hiyo ni habari nyingine.)

Miaka mingi niliamini usingizi mzuri ni kuzama kama jiwe hadi alfajiri, na kila nilipojigeuza nilihesabu hasara. Siamini hivyo tena. Aliyelala hajafungiwa nje ya dunia. Ubongo wake huchungulia, ukaona kuko shwari, ukarudi.

Juzi saa 9 usiku nilikuwa macho. Mume wangu akavuta pumzi ndefu, akajigeuza, akapapasa shuka, akatulia. Asubuhi nikamuuliza kama aliamka usiku.

“Hata mara moja,” akasema.