Juu ya vilele vya Mabira

Ukisafiri kwa basi kutoka Nairobi kwenda Kampala, msitu wa Mabira unaupita baada ya Jinja, na wengi wetu tunaujua kwa kuku wa kuchoma wa Najjembe tu. Basi linasimama, vijana wanainua vijiti vya nyama na gonja, ndizi za kuchoma, hadi dirishani, unalipa, dereva anaondoka. Safari hii nilishuka mbele kidogo, Lugazi, nikachukua bodaboda hadi kambi ya Griffin Falls, kuteleza kwenye waya (zipline) kutoka mti hadi mti. Njia ni ya vumbi na inakatiza mashamba ya miwa. Miwa kulia, miwa kushoto, kisha ghafla jua linafifia na hewa inapoa. Umeingia msituni.

Kambi inaendeshwa na wanajamii wa hapo. Kijana aliyenivika mkanda alivuta kila kifungo mara mbili, kiunoni na mapajani, akanipa glavu nene ya ngozi iliyochakaa kiganjani. Glavu hiyo ndiyo breki: mkono unakaa juu ya waya nyuma ya kapi, lile gurudumu linalobiringika juu ya waya, ukitaka kupunguza mwendo unabonyeza. Mbele ya kapi usiuweke kamwe.

Jukwaa la mbao limezungushwa kwenye shina la mti. "Mpola mpola, nnyabo," akaniambia kwa Kiganda, yaani polepole, mama. "Kaa, kunja miguu, usiangalie chini." Nikaangalia chini. Nikajiachia.

Kapi likalia, tumbo likabaki nyuma, majani yakanipita pande zote mbili, na kabla sijamaliza ukelele wangu nilikuwa nimedakwa ng'ambo. Nilitaka tena papo hapo! Waya hutoka mti hadi mti, lakini ule unaovuka mto Musamya ndio uliokaa moyoni mwangu. Miti inaachana, mwanga unakumwagikia, maji yanapita chini ya nyayo zako, na hakuna cha kushika isipokuwa ule mkanda.

Raha nyingine, ambayo sikuitarajia, ni kusubiri zamu jukwaani. Ukiwa chini, Mabira ni mashina, giza na siafu. Juu ndiko kwenye matunda, ndiko kwenye shughuli. Hondohondo wawili walipita usawa wa macho yetu, mabawa yakivuma kama mtu anayepepeta mchele karibu na sikio lako. Mbali kidogo mangabey dume, aina ya kima wa msituni, aliita, sauti nzito inayokwenda mbali, na yule kijana akanyamaza hadi ikaisha.

Kutoka huko juu nilielewa hasira ya mwaka 2007. Serikali ilitaka kutoa zaidi ya hekta 7,000, karibu robo ya hifadhi, zilimwe miwa. Aprili watu waliandamana Kampala, wengine wakapoteza maisha, na mpango ukasimamishwa. Miti niliyokuwa nikipita juu yake inahifadhiwa kisheria tangu miaka ya 1930, na shamba la miwa liko karibu mno. Naupenda msitu huu sasa, na nataka watu wengi wa kwetu waushukie badala ya kuupita.

Ukienda, nenda asubuhi kabla mvua ya mchana haijaanza. Vaa suruali ndefu na viatu vya kufunga, chomeka suruali ndani ya soksi kwa ajili ya siafu, na mwambie mwenye bodaboda akusubiri au arudi jioni, kwa maana njia ya kurudi Lugazi ni ndefu kwa miguu.