Wino kubanduka kwenye lebo za plastiki: jinsi nilivyotatua

Lebo za polipropilini za chupa za mtindi, zinazochapwa hapa Industrial Area, zilitoka safi kwenye printa ya joto, ile ambayo kichwa chake huyeyusha wino wa utepe na kuuhamishia kwenye lebo. Zikitolewa kwenye friji na kupata umande, tarehe ilifutika kwa kidole.

Kuongeza joto kuliharibu zaidi: mistari ya msimbopau ilinenepa, utepe wa wino ukajikunja. Kusafisha kichwa cha printa kwa alkoholi ya isopropili kuliondoa michirizi myeupe tu.

Kilichofaa ni kutoa utepe wenye wino wa nta na kuweka wenye wino wa resini. Nta hushika karatasi kwa kuzama kwenye nyuzi zake; plastiki haina nyuzi, kwa hiyo nta hukaa juujuu. Halafu, na hapa ndipo wengi hukwama, nilishusha kasi hadi inchi 2 kwa sekunde kabla ya kugusa joto. Resini huyeyuka kwa joto kubwa zaidi, inataka muda chini ya kichwa. Baadaye ndipo nikapandisha joto hatua mojamoja, nikaishia pale kingo za mistari zilipokuwa bado kali.

Jaribu kwa selotepu: bandika, sugua kwa ukucha, vuta haraka. Na usiguse uso wa lebo kabla ya kuchapa. Mafuta ya vidole huzuia wino kushika.