Sufuria ya Abunuwasi darasa la tano

Mwaka 2014 nilikuwa nafundisha Kiswahili darasa la tano, katika shule ya msingi moja huko Muheza, Tanga. Mtihani wa darasa la saba ulikuwa wa kusiliba tangu 2012, yaani kuchagua herufi ya jibu na kuitia kivuli kwa penseli, na homa yake ilishafika hadi madarasa ya chini. Watoto walikuwa hodari wa kuchagua A, B au C. Ukimwuliza mmoja kwa nini kachagua B, anakutazama kama vile umemtukana.

Basi katika kipindi cha ufahamu nikaandika ubaoni hadithi ya Abunuwasi na sufuria, kwa maneno yangu, kama nilivyoisikia nyumbani. Vitabu vilikuwa vichache, na hadithi hii kila mtoto anaijua, au anadhani anaijua. Abunuwasi anaazima sufuria kwa jirani, anairudisha na kijisufuria ndani, anasema imezaa. Jirani anapokea. Mara ya pili Abunuwasi anakuja mikono mitupu: sufuria imefariki. Jirani anakwenda kushtaki, na kadhi anamwambia, kama ulikubali imezaa, kubali pia imekufa.

Niliuliza swali moja tu: je, jirani aliamini kweli kwamba sufuria imezaa? Sharti langu: ukijibu, njoo ubaoni uweke kidole kwenye sentensi iliyokupa jibu hilo.

Darasa zima likaitika, "Ndiyooo!" Kijana mmoja wa dawati la mbele, mbishi kweli kweli, akaja akaweka kidole kwenye "Jirani alifurahi sana, akazichukua zote mbili." Kafurahi, kwa hiyo kaamini. Akapigiwa makofi.

Akanyanyuka binti wa dawati la nyuma, ambaye sauti yake huisikii hata wakati wa kuita majina. Akaweka kidole palepale, kwenye sentensi ileile.

"Mwalimu, hapa hajauliza chochote. Mimi mbuzi wetu akizaa nauliza jike au dume. Yeye kachukua tu. Hiyo ni tamaa."

Zikazuka kelele. "Mwalimu, tamaa haijaandikwa!" Na kweli haikuandikwa. Kwangu mimi kazi ya ufahamu inaanzia hapo. Kuonyesha sentensi peke yake hakutoshi, maana wote wawili walionyesha ileile. Lazima useme imekufikishaje kwenye jibu lako, na aliyesema kwa kueleweka alikuwa yule binti. Nikalitamka hilo mbele ya darasa. Mbishi wangu akanuna.

Kengele ya uji ikalia. Wenzake wakatoka mbio na vikombe vyao, yeye akabaki anausoma ubao upya kutoka juu, midomo ikichezacheza. Akafika mwisho, pale jirani anapomlalamikia kadhi, "Sufuria inakufaje?" Akasimama.

"Mwalimu, huyu anajua sufuria haifi. Sasa kitu kisichokufa kinazaaje? Alijua tangu mwanzo!"

"Kwa hiyo umekubaliana na mwenzako?"

"Hapana, mwalimu. Yeye sentensi yake iko pale juu. Yangu iko huku chini."