"Mungu yupo" ya shangazi

Mwaka 1936 mwanafalsafa A. J. Ayer alidai kwamba kauli kama "Mungu yupo" si kweli wala si uongo, maana haiwezi kuthibitishwa. Mimi naona alikuwa akipima sala kwa rula.

Mwanafalsafa mwingine, Ludwig Wittgenstein, ananivutia zaidi. Katika mihadhara yake ya Cambridge mwaka 1938, alisema anayeamini Siku ya Hukumu na asiyeamini hawabishani kama watu wanaobishana iwapo ndege inayopita juu ni ya Kijerumani. Kwa huyu anayeamini, hukumu ile iko mbele yake kila anapoamua jambo.

Shangazi yangu ana "Mungu yupo" zake kadhaa. Akiwa kando ya mgonjwa huitamka polepole, kamshika mkono, na hakuna anayedai ushahidi. Siku mdeni wake alipokana deni mbele yetu, aliyatamka maneno hayohayo huku akijifunga khanga vizuri, na yule bwana akainamisha macho. Kumfariji hakukuwamo hapo, ni onyo tupu! Wapeleke wasomi wawili ukumbini, na maneno hayo yanageuka hoja ya kukubaliwa au kupingwa.

Lakini wapo wanaokwenda mbali zaidi, wakasema basi lugha ya dini haidai lolote kuhusu ulimwengu, ni namna ya kuishi tu. Hapo siko nao. Mwambie shangazi kwamba anaposema Mungu yupo hamaanishi kuwa yupo kweli, uone kama utamaliza chai yako.