Bosi alinipa Jumatano zangu
Miaka sita nilikuwa mtunza stoo wa duka la jumla la vifaa vya ujenzi, Kariakoo. Daftari, kalamu, vumbi la saruji. Siku moja nikamwonyesha bosi ukurasa wa tovuti niliojifunza kuutengeneza usiku kwa simu: orodha ya bidhaa zetu na bei. Akautazama kimya, kisha akasema, "Mwanangu, Jumatano usishike stoo. Kaa ofisini ujifunze. Mshahara wako uko palepale." Akanipa na laptopu ya zamani ya mhasibu. Sijui nitamlipa nini yule mzee.

Kosa lililonifundisha zaidi lilikuwa la hesabu. Nilijumlisha mifuko 50 ya saruji na 20, skrini ikaonyesha 5020. Nilihangaika siku mbili. Kumbe kinachoandikwa kwenye kisanduku cha fomu, JavaScript, lugha ya programu inayotumika kwenye kurasa za tovuti, inakipokea kama maandishi, hata kikiwa tarakimu tupu, kwa hiyo inaunganisha badala ya kujumlisha. Nikazipitisha zote mbili kwenye Number, amri ya kugeuza maandishi kuwa namba, ikatoka 70. Nilipiga kelele hadi makuli wakachungulia dirishani.

Sasa natengeneza tovuti wiki nzima, stoo anaishika kijana mwingine. Juzi kaniuliza HTML ni kitu gani. Nimemwambia aje Jumatano.