Siku yangu moja na kisanduku cha majina ya kata

Saa 2:30 asubuhi nafika ofisini Kariakoo na kufungua kompyuta kabla hata chai haijaletwa, kwa sababu jana jioni karani wa vifurushi wa kampuni ya mabasi tunayoitengenezea programu alinitumia ujumbe wa sauti: "Kaka, Chang'ombe haipo." Chang'ombe ipo, tena si moja, kwa maana kuna ya Temeke na kuna ya Dodoma, na zote niliziingiza mwenyewe. Programu hiyo imekusudiwa kufanya kazi hata mtandao unapokatika: orodha ya kata hupakuliwa mara moja na kutunzwa ndani ya kivinjari cha simu, na karani anapoandika herufi mbili tatu mahali pa kujaza kifurushi kinakokwenda, majina yanayolingana hushuka chini ya kisanduku ili achague.

Saa 3:15 naandika Chang'ombe kwenye kompyuta yangu, nayo inatokea. Naazima iPhone ya mwenzangu, naandika jina lilelile, orodha inabaki tupu. Nalitoa jina herufi moja moja pamoja na namba zake za Unicode, mfumo unaoipa kila alama namba yake, na kosa linajianika: kompyuta imeandika ritifaa (ile alama ya ng') iliyonyooka, U+0027, ilhali simu, kwa kupenda kuremba maandishi, imeandika iliyopinda, U+2019. Kwa macho ya karani hiyo ni alama moja, lakini kwa programu inayolinganisha namba ni alama mbili zisizojuana kabisa.

Suluhisho la haraka lingekuwa kugeuza ritifaa moja kuwa nyingine, na nusura nifanye hivyo. Kabla ya kuandika chochote, hata hivyo, nasikiliza tena ujumbe wa karani na kukumbuka jinsi watu wanavyoandika pale kaunta, foleni ikiwa mlangoni: wengi hawahangaiki na ritifaa hata kidogo, wanaandika "changombe" na kusonga mbele. Kwa hiyo kuanzia saa 4:00 hadi karibu saa 6:30 naipa kila kata sehemu mbili, yaani jina la kuonyeshwa, ambalo linabaki na tahajia yake sahihi, na ufunguo wa kutafutia, ambao ni herufi ndogo tupu, bila ritifaa ya aina yoyote, bila vistari, na bila nafasi za ziada. Ufunguo huo unatengenezwa mara moja tu, orodha inapopakuliwa; anachoandika karani nacho kinapitishwa katika chujio hilohilo kabla ya kulinganishwa. Mwalimu wangu wa Kiswahili angenikemea, maana ng' na ng ni sauti mbili tofauti, lakini kisanduku cha kutafutia si kamusi, na ni heri kionyeshe jina moja la ziada kuliko kulificha linalotakiwa.

Wali na maharage, kisha narudi kwenye kiti.

Saa 8:00 mchana nashughulikia uzito wa programu, ambao kwa ajili yake nilikuwa nikizilaumu bure simu za bei nafuu. Orodha yote ilikuwa imehifadhiwa kwenye localStorage, hifadhi ndogo ya ndani ya kivinjari, kama maandishi marefu, na programu yangu ilikuwa ikiyasoma na kuyafumbua upya kila herufi moja ilipobonyezwa, huku skrini ikisubiri, kwa kuwa hifadhi ya aina hiyo haimruhusu mtu kuendelea na kazi nyingine mpaka imalize. Nahamishia data kwenye IndexedDB, hifadhi nyingine ya kivinjari isiyoisubirisha skrini, naisoma mara moja ukurasa unapofunguka, kisha uchujaji wote unafanyika kwenye kumbukumbu ya simu. Mchelewesho wa sehemu ya sekunde niliokuwa nimeuweka baada ya kila herufi, ili programu isianze kutafuta kabla karani hajatulia, nauondoa pia. Una maana pale unapoiuliza seva iliyo mbali, si pale data ilipo mkononi mwako. Naongeza ukaguzi mmoja, kwamba orodha ikikutwa tupu ipakuliwe upya, kwa sababu Safari, kivinjari cha iPhone, inaweza kufuta data za tovuti ambayo mtu hakuigusa kwa siku 7 za kutumia kivinjari hicho, na karani huenda likizo.

Kilichobaki kizito ni uchoraji. Ukiandika "ma", majina yanayoingia ni mengi mno, na kuyachora yote ni kuisulubu simu bila faida. Naonyesha 8 tu: kwanza yanayoanza na herufi zilizoandikwa, kisha yale ambayo neno lake la pili linaanza nazo, mwisho yaliyo nazo katikati. Kila mstari unabeba wilaya na mkoa, la sivyo mzigo wa Majengo ya Moshi utashushwa Majengo ya Dodoma.

Saa 10:40 jioni nimesimama nyuma ya kaunta ya vifurushi. Karani anaandika "chango", ya Temeke na ya Dodoma zinatokea papo hapo, anagusa ya kwanza bila kuinua macho. Mteja anayefuata anaweka boksi juu ya mizani na kusema linakwenda Posta. Karani anaandika "posta", orodha haishuki, kwa sababu Posta ni jina ambalo watu huliita eneo hilo, si jina la kata.

"Kaka," ananigeukia, "na hii je?"

Natoa kalamu.