Nairobi kwa treni, bustani kwa kitambulisho

Tangu nirudi Nairobi kutoka Minneapolis, Marekani, nimeulizwa uraia wangu mara nyingi zaidi kwenye malango ya bustani kuliko nilivyoulizwa uwanja wa ndege. Afisa wa uhamiaji aligonga muhuri akanikaribisha nyumbani. Askari wa lango la bustani ndiye aliyenikagua kuanzia viatu, akapanda hadi kofia, akaisikiliza lafudhi yangu, kisha akauliza: "Mzee, wewe ni raia, mkaazi ama mgeni?"

Swali lina bei. Raia analipa kidogo, mkaazi zaidi, mgeni ndiye anayekamuliwa. Nikamjibu kwamba mimi ni raia, nimezaliwa hospitali ya Pumwani kama nusu ya Nairobi. Akasema sawa, lete kitambulisho. Kitambulisho changu kilikuwa Syokimau kwa dada yangu, ndani ya sanduku la bati alimokitunza miaka yote hiyo. Mpwa wangu tuliyekuwa naye hajatimiza miaka kumi na minane na hana kitambulisho cha aina yoyote, lakini yeye hakuulizwa kitu. Alimsalimu askari kwa Sheng, wakacheka, akawa ashapita. Halafu akageuka kunitetea: "Huyu ni mjomba wangu, ni mtu wa hapa tu." Hebu fikiria. Mtoto niliyemwacha akinyonya ndiye anayenidhamini katika mji wangu.

Askari hakuwa mtu mbaya, na sheria hakuitunga yeye. Alinijaribu kidogo: shule gani, mtaa gani, matatu za huko zilikuwa namba ngapi. Nilijibu yote, hata namba ya matatu, naye akatikisa kichwa kwa huruma, maana namba ile siku hizi inaenda kwingine. Nikaambiwa nilipe ya mgeni au nirudi siku nyingine. Nilikataa. Nilikaa nje na vijana wa boda boda, mpwa wangu akaingia peke yake, akarudi na picha za miti akanionyesha kwenye simu.

Wale mlioondoka kabla barabara ya Thika haijapanuliwa mtanielewa. Uhuru Park ya Jumapili, ile bustani ya katikati ya mji, mnaijua. Mashua kwenye lile bwawa, wapiga picha wakikufuata na picha za watu wengine mkononi, mhubiri mmoja huku na mwingine kule wakishindana kwa sauti, watoto wakijiviringisha kwenye mteremko wa nyasi, na kijana aliyetoka kutafuta kazi Industrial Area amelala, gazeti usoni. Jomo Kenyatta aliifungua 1969. Mwaka 1989 serikali ilipotaka kujenga humo jumba la ghorofa 60, Wangari Maathai, mtetezi wa mazingira, alisimama kupinga, akatukanwa hadi bungeni, na jumba halikujengwa. Sisi tuliokula mahindi ya kuchoma pale hatukuwahi kufikiri kwamba nyasi zina mwenyewe wa kuombwa ruhusa.

Ilifungwa 2021 kwa ukarabati, na siku hizi imezungushiwa ua. Nilisimama upande wa Uhuru Highway nikaushika ule ua kwa mkono. Sikuwa na la kusema.

Sasa nije kwenye treni, maana ndiyo iliyonipa furaha kabla ya bustani kunivuruga. Syokimau tuliijua kama nyasi tupu unazozipita ukielekea Mombasa. Siku hizi ni maghorofa, na dada yangu anaishi mwendo wa miguu kutoka stesheni aliyoifungua Kibaki Novemba 2012. Wakamba wanasimulia kwamba nabii Syokimau, ambaye mahali pale panabeba jina lake, aliona joka refu likitambaa toka maji ya mashariki hadi maji ya magharibi, miaka mingi kabla reli haijaletwa. Sijui kama aliona pia kwamba joka la siku hizi lingekuwa mtumba: mabehewa tunayopanda yalibeba watu kisiwani Mallorca, Uhispania, kabla ya kuletwa kwetu 2020. Mtumba wa daraja la kwanza, lakini, niseme ukweli. Viti vizima, mlango unafungwa. Mnaokumbuka treni ya kwenda mtaa wa Kahawa, watu wamening'inia mlangoni na wengine juu ya paa, mtajua kwa nini nilikipapasa kiti kabla ya kukikalia.

Asubuhi tulipita Imara Daima na Makadara huku magari ya Mombasa Road yamesimama chini ya ile barabara ya juu ya kulipia iliyofunguliwa 2022. Niliwatumia video wenzangu wa Minneapolis, nikawaandikia kwamba wao wakae na theluji yao.

Majivuno yaliisha saa sita mchana. Nilirudi stesheni ya mjini nikitaka kwenda kula kwa dada. Treni? Ya jioni. Treni hizi zimepangiwa mtu wa kazi: asubuhi zinamwingiza mjini, jioni zinamrudisha kulala. Jumapili, siku ambayo watu wana nafasi ya kwenda kukaa chini ya mti, treni hizi za kazini zinapumzika. Mpwa wangu alinishangaa. "Mjomba, kwani mchana ulitaka kwenda wapi?" Kwake, treni na matembezi havijawahi kuwa sentensi moja.

Kule Minneapolis nilikoishi kuna treni nyepesi ya umeme iliyoanza 2004, tulikuwa tukiiita Hiawatha kabla hawajaipa jina la rangi ya buluu. Inatoka katikati ya mji, inapita uwanja wa ndege, inaishia kwenye lile duka kubwa la Bloomington. Njiani ina stesheni inayoitwa kwa jina la bustani, Minnehaha Park. Unashuka, unatembea kidogo, unakuta maporomoko ya maji ya urefu wa mita 16 hivi, ambayo wakati wa baridi kali huganda yakawa ukuta wa barafu. Hakuna lango. Mimi na karatasi zangu za ukaazi, na lafudhi ambayo huko pia watu waliiuliza maswali, sikuwahi kuombwa kitu ili niyatazame maji. Na kichekesho ni kwamba nilikuwa nikienda pale Jumapili kuilalamikia dunia kwamba hapa si Uhuru Park.

Sitasema ua wote ni uovu. Msitu wa Karura wa zamani, hapa Nairobi, nani aliingia? Palikuwa mahali pa majambazi na maiti, na miaka ya tisini wakubwa wakagawiana viwanja ndani ya msitu. Januari 1999 Maathai alipigwa hadi damu kwa kwenda kupanda miti. Leo msitu umesimama, wanawake wanakimbia humo peke yao bila wasiwasi, na ua pamoja na kiingilio vimechangia. Nakubali. Lakini mtu wa Kayole mwenye watoto wanne anapopiga hesabu ya nauli za kwenda na kurudi, kisha kiingilio cha kila kichwa, atawapeleka wapi? Kwenye ngazi za ploti. Na huyo ni raia asiyetiliwa shaka na mtu.

Kwa hiyo ukija, ukitoka Boston au Doha, chukua kitambulisho chako kabla hujachukua chai. Weka pesa kwenye simu, kwa laini ya hapa, maana kuna malango utakayorudishwa na noti zako mkononi. Treni panda asubuhi na wafanyakazi, simama kama wao, kisha jipe siku nzima mjini hadi ya jioni. Ukipanda ile ya Kikuyu, tazama nje inapopita Kibera. Reli ile iling'olewa wakati wa vurugu za baada ya uchaguzi, 2008, na leo vibanda vimeisogelea tena mpaka unaweza kusoma bei ya sukuma wiki ukiwa dirishani. Michuki Park, kando ya Mto Nairobi karibu na eneo la Globe, ilikuwa jaa na gereji za uchochoroni kabla ya John Michuki, aliyekuwa waziri wa mazingira, kuisafisha. Pitia ukiwa na muda.

Lakini nenda City Park, Parklands. Treni haifiki, panda matatu. Pale ndipo alipozikwa Pio Gama Pinto, mpigania uhuru na mwanasiasa aliyeuawa kwa risasi 1965, na karibu yake Joseph Murumbi, makamu wa rais aliyeacha kiti chake 1966 na ambaye alitaka kulala jirani na rafiki yake. Kiwanja chenyewe kimemeguliwa sana na wenye tamaa, na kona nyingine zinahitaji fyekeo. Nilikaa kwenye benchi hadi jua likapinda na hakuna aliyeniuliza mimi ni nani. Kima walikuja wakanipekua mfuko, wakachukua njugu, wakaenda zao. Ndizi usibebe kabisa.